Eti Nimevuka Bahari Kuja Kuchimba Mashimo

"Shahada ya SUA yote hiyo, umeenda kuwachimbia wazungu mashimo ya miti? Si ungebaki Mafinga, miti imejaa?" SUA ni chuo kikuu cha kilimo, Morogoro. Kaka kaandika hivyo kwenye kundi la ukoo, na mashangazi wakamwaga emoji za kucheka. Kundini nimenyamaza. Najibu hapa, maana Iringa, Njombe na Mbeya wako wengi wanaoniuliza hilohilo, ila kwa adabu zaidi.

Mafinga tunapanda msitu. Unapima mita 3 kwa 3, hekta inameza miche 1,111, mvua zikikolea vibarua wanaingia shambani, na iliyokufa unarudishia msimu unaofuata. Bei ya mche wa paina mnaijua, haifiki ya soda. Hapa Michigan, Marekani, napanda miti ya mitaani, na mti wa barabarani unaletwa na bonge lake la udongo, limefungwa gunia na kikapu cha waya. Shina lina unene wa sentimita 5, uzito unapita kilo 100, na ukijumlisha usafiri na kuupanda unazungumzia dola mia kadhaa. Ukifa hakuna wa kukuambia rudishia tu. Utaulizwa.

Kabla koleo halijagusa ardhi unapiga simu namba 811. Ni bure, lakini upige siku 3 za kazi kabla. Wenye mabomba na nyaya wanakuja kupaka rangi chini: nyekundu umeme, njano gesi, bluu maji safi, machungwa simu na intaneti, kijani majitaka. Njano ikipita kwenye alama yako, unahamisha shimo, hakuna mjadala. Juu nako unaangalia. Chini ya nyaya za umeme unapanda mti mfupi, usiozidi mita 7 hivi ukikomaa. Kwetu tunapanda mjakaranda palepale chini ya waya, halafu kila mwaka unakatwa kichwa na tunashangaa mbona umekuwa mbaya.

Shimo lenyewe ndilo linalowachanganya wanaotoka kwenye parachichi. Sisi tumezoea futi 2 kwenda chini, samadi debe, tunachanganya na udongo wa juu. Hapa shimo linapanuliwa mara 2 au 3 ya bonge la mizizi, lakini kina hakizidi kimo cha bonge. Ukichimba zaidi, udongo uliolegea unashuka na mti mzito unazama nao. Samadi humo ndani hamna, unarudisha udongo uleule, kusudi mizizi isinogewe shimoni ikasahau kutoka. Kisha unatafuta mahali shina linapotanuka kuingia mizizini. Mara nyingi kitaluni wamepafukia, kwa hiyo unakwangua udongo mpaka upaone, na pabaki usawa wa ardhi au juu kidogo. Pakifukiwa, gome linaoza na mizizi inazunguka shina. Mti unaweza kudunda miaka kadhaa, watu wanausifia, huku unajinyonga wenyewe. Ule wa kwenye chungu unaukata ubavuni mizizi iliyojiviringa. (Na nyie mnaopanda mche na kiriba chake, eti kitaoza: hakiozi.)

Sasa watu. Kazi yangu hasa ni hawa wanaojitolea Jumamosi asubuhi. Hakuna posho. Hakuna nauli wala bahasha ya kusaini, ni kahawa na donati. Mama wa miaka 70 anakuja na glavu zake, anachimba kwenye baridi ya Oktoba, anakushukuru wewe. Nikikumbuka semina zetu ambazo bila posho ukumbi unabaki na viti, hapa nawavulia kofia.

Lakini ukiwaachia, wataua miti yote. Nawagawa watano watano, kila timu na kiongozi aliyefunzwa, koleo 3, sururu moja, toroli, mkasi wa kukata waya na kijiti cha kupimia kina. Mwenye sandali namrudisha kwenye gari. Sururu anashika mmoja, wengine hatua mbili nyuma. Kila timu inapanda miti 3 au 4, basi, asubuhi imeisha. Najua kibarua wa Sao Hill, lile shamba kubwa la miti Mafinga, anacheka. Makosa ni yaleyale: kamba inaachwa shingoni mwa mti, udongo unakanyagwa mpaka unakuwa sakafu, na matandazo yanarundikwa kwenye shina kama kichuguu. Yanatakiwa unene wa sentimita 5 hadi 10, yakae mbali na gome.

Kinachonichosha ni maji. Kila mmoja anataka picha ya kupanda, wa kumwagilia humwoni. Mti mpya unataka lita 60 hadi 75 kwa wiki majira yote ya joto, miaka 2 au 3. Hizo ni ndoo 3 au 4 kubwa, za kila mti! Tunafunga mfuko wa maji shinani, unadondosha taratibu kwa saa kadhaa, lakini mfuko haujijazi. Hapo ndipo nawaelewa wa kwetu wanaohesabu miche iliyopandwa na si iliyopona. Ugonjwa ni mmoja.

Aina za miti nazo zina kanuni, ya Santamour, mtaalamu wa miti wa Marekani, ya mwaka 1990: spishi moja isizidi asilimia 10, jenasi moja (spishi za karibu) 20, familia moja (jenasi za karibu) 30. Huku walishakosea kabla haijaandikwa. Ugonjwa ulipomaliza miti ya elm wakajaza aina nyingine, ash, mitaani, mwaka 2002 mdudu wa kijani anayetoboa ash akagunduliwa jirani na Detroit, na tangu hapo ameangusha miti makumi ya milioni. Mufindi tuna paina na milingoti mpaka upeo wa macho. Sisemi kitu.

Kwa anayetaka kuja: ajira nyingi ni za msimu, na waajiri wa kukuombea viza ni wachache mno, usiuze shamba la baba. Leseni ya udereva ni lazima, ujue na kurudi nyuma na tela. Cheti cha utunzaji miti kinadai mtihani na miaka 3 ya kazi, ila shahada inapunguza hiyo miaka, kwa hiyo barua za waajiri wako wa huko zikusanye mapema, zenye mhuri na tarehe. Januari ni kupogoa kwenye theluji. Mialoni (oak) inapogolewa miezi hiyo ya baridi, kwani ukiikata kati ya Aprili na Julai wadudu wanaleta ugonjwa kwenye jeraha bichi. Viatu nunua huku, vya huko maji yanaingia.