Malipo Mamoja, Ujumbe Mara Mbili

Mwaka jana, katika kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi, inayokopesha mitambo midogo ya umeme wa jua na kulipwa kidogo kidogo kwa simu, mhasibu alitujia na hesabu zisizokubaliana. Wateja kadhaa walikuwa wamelipia siku 7 na mfumo ukawapa siku 14. Tulikagua programu ya malipo mstari kwa mstari bila kuona kosa, kwa sababu kosa lilikuwa katika imani yetu kwamba ujumbe wa malipo unaoingia kwenye foleni ya kusubiri kushughulikiwa mara moja hutoka mara moja.

Taarifa ya malipo ilipofika kutoka kwa kampuni ya simu, seva yetu iliipokea na kuiweka katika RabbitMQ, ambayo ni programu ya kati, dalali anayepokea ujumbe, kuuhifadhi katika foleni na kumkabidhi mpokeaji aliye tayari. Kwa njia hiyo, hata seva ya akaunti ikizimwa kwa matengenezo, malipo hayapotei bali husubiri. RabbitMQ ilitoka mwaka 2007 ikitumia AMQP, itifaki (yaani kanuni za mawasiliano kati ya programu) ambayo John O'Hara aliianzisha mwaka 2003 ndani ya benki ya JPMorgan Chase. Itifaki iliyozaliwa benki haifanyi mchezo na upotevu: mpokeaji akitumia uthibitisho, dalali haufuti ujumbe mpaka aambiwe kwamba kazi imekwisha.

Uthibitisho huo ndio uliotuponza. Programu yetu ilisoma ujumbe, ikaongeza siku 7 katika hifadhidata, kisha muunganisho ukakatika kabla haijathibitisha. Dalali hana njia ya kujua kama mpokeaji alianguka kabla ya kazi au baada yake, kwa hiyo aliurudisha ujumbe kwenye foleni na kumpa mpokeaji mwingine, naye akaongeza siku 7 nyingine. Tungegeuza utaratibu, tukathibitisha kwanza na kufanya kazi baadaye, programu ikianguka katikati mteja angekuwa amelipa na kubaki gizani. Kati ya mabaya hayo mawili, mimi nachagua ujumbe unaorudiwa, kwa sababu uliorudiwa unaweza kutambuliwa, ilhali uliopotea hauachi alama.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tuhamie MQTT, itifaki ambayo Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper waliibuni mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Ina ngazi tatu za uhakika, 0, 1 na 2, na katika ngazi ya 2 pande mbili hubadilishana pakiti nne ili ujumbe ufike mara moja tu. Ni kazi ya ustadi ninayoiheshimu sana, lakini ahadi yake haivuki kuingia katika hifadhidata yetu. Kafka nayo, programu nyingine ya kupitisha ujumbe, tangu toleo la 0.11 la mwaka 2017, hutoa uhakika wa namna hiyo kwa yale yanayosomwa na kuandikwa ndani yake yenyewe.

Jibu tulilipata kwa kumtazama mwenye duka. Mteja akimwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu, yeye huisoma namba ya muamala na kuitafuta katika daftari lake. Akiikuta imekwisha kuandikwa, hatoi bidhaa. Nasi tuliunda jedwali ambamo kila namba ya muamala inaruhusiwa kuandikwa mara moja tu. Kuandika namba na kuongeza siku hufanyika kwa pamoja, yote mawili yakubaliwe au yote mawili yakataliwe, na uthibitisho hutumwa baada ya hapo. Nakala ya pili ikifika, hifadhidata huikataa namba hiyo, na programu huthibitisha bila kuongeza chochote.

Hatukufanikiwa mara ya kwanza. Tulianza kwa kutumia namba ambayo seva yetu iliupa kila ujumbe ulipoingia kwenye foleni, tukasahau kwamba kampuni ya simu isipopata jibu letu kwa wakati inaweza kutuma taarifa ileile tena, nayo ikapewa namba mpya. Ilitubidi tutumie namba iliyozaliwa na malipo yenyewe. Halafu tuligundua kwamba kuuliza kwanza kama namba ipo na kuiandika baadaye hakutoshi, kwa maana wapokeaji wawili wanaweza kuuliza kwa pamoja na wote wakajibiwa kwamba haipo. Ni lazima hifadhidata yenyewe ndiyo ikatae.

Siku hizi, kabla ya kupeleka toleo jipya, tunaizima programu makusudi baada tu ya kuandika na kabla ya kuthibitisha, kisha tunahesabu siku alizopata mteja wa majaribio. Wale wateja waliopewa siku 14 hatukuwanyang'anya kitu.