Saa Tano Taddert

Dereva alizima gari, akatoa sigara, nikajua mambo yameharibika. Mbele yetu askari walikuwa wameshusha kizuizi. Tizi n'Tichka, njia inayokatiza milima ya Atlas huku Morocco kwenye mita 2,260, imefungwa kwa theluji. Hapo ni Taddert, kijiji kilicho chini ya zile kona kali za mwisho. Itafunguliwa lini? Dereva akanyoosha kidole mbinguni.

Mimi nimekulia Tanga. Jaketi langu ni la mvua, viatu ni raba. Na kinyongo cha asubuhi kule Marrakech kilikuwa bado hakijanitoka: teksi zao kubwa huondoka zikijaa abiria sita, sisi tulikuwa watano, ile nafasi tupu nikabambikwa mimi, eti kwa kuwa ndiye mwenye haraka. Haraka yenyewe ndiyo hii.

Tukajisogeza mgahawani. Nyama inachomwa nje, inapimwa kwa kilo. Bei siitaji, naumia. Nikaagiza chai na mkate, nikakaa karibu na jiko la kuni, alipokuwa ameketi bibi mmoja aliyejifunika blanketi la sufu hadi kidevuni.

Nikajisemea, madrasa ya utotoni itanifaa leo. Kiarabu changu cha kuungaunga kilinivusha sokoni Marrakech: sukari ni sukkar, sabuni ni saboun, watu wanacheka lakini wanakuelewa. Nikamwamkia bibi, nikamuuliza habari za baridi. Akanitazama tu. Nikarudia polepole, kila herufi ya kooni ikitoka kama alivyotaka maalim. Wapi! Mjukuu wake aliyekuwa akigawa chai alicheka hadi akashika meza. Akaniambia, kwa Kiingereza cha watalii, kwamba bibi hajui Kiarabu. Anajua Tashelhit, lugha ya milima hii, basi. Kiarabu watu wa huku walikipata shuleni, na yeye shule hakwenda.

Watu wa huku wenyewe hujiita Imazighen. Waberberi ni jina walilopachikwa. Lugha yao ilikuwa kwenye milima hii kabla Kiarabu hakijafika, lakini katiba imekuja kuifanya rasmi mwaka 2011. Siku hizi vibao vya ofisi za serikali vina herufi zao, Tifinagh, zilizokaa kama nakshi za mkeka. Bibi hizo nazo hasomi. Akaamua kunifundisha kwa mdomo. Akagonga birika: "Aman." Maji. Akainua mkate: "Aghrum." Nikikosea, ananichapa gotini. Kwa hiyo "aghrum" nilichapwa sana.

Nikamkumbuka bibi yangu wa Soni, kule Lushoto. Likizo tulipanda kwake kutoka Mombo, kona kama hizi hizi, matumbo yakituchafuka. Yeye akisema Kisambaa, sisi tunamjibu Kiswahili, mpaka akachoka akahamia Kiswahili, chake kile cha kusuasua, nasi tukamcheka. Alipofariki nilikuwa nimebakiwa na "onga maundo", salamu ya asubuhi, na majina ya vyakula. Hata siku moja hakunichapa goti. Na hapa, kwa mtu nisiyemjua hata jina, nimetega goti nijifunze kuomba mkate.

Kizuizi kilinyanyuliwa jioni, saa tano baadaye. Theluji, ambayo sikuwa nimewahi kuiona maishani, niliikuta imelundikwa kando ya lami, nyeusi kwa tope. Kileleni wenzangu walishuka kupiga picha. Mimi nilibaki garini na meno yangu.

Aït Benhaddou nilifika kesho yake. Ni kijiji cha ngome, chote cha udongo ulioshindiliwa, kwenye njia ya zamani ya misafara kati ya Sahara na Marrakech. UNESCO wamekiorodhesha tangu 1987. Wengi wamehamia ng'ambo ya mto Ounila, ndani zimebaki familia chache. Mvua inakula kuta, wenyewe wanaziba. Niliambiwa kuingia ni bure. Kumbe uchochoro nilioufuata uliishia mlangoni kwa mtu, na kupita sebuleni kwake ni dirham 20, kama elfu tano ya kwetu. Nikalipa. Juu kabisa kuna ghala la pamoja walilokuwa wakiwekea nafaka, na upepo wa kukung'oa kofia.

Kushuka nikapotea, nikatokea mlango ule ule, kwa upande wa nyuma. Mzee kanyoosha mkono.

"Nimeshalipa."

"Ile ilikuwa ya kupanda."

Nikajaribu silaha yangu: "Aghrum?" Akafurahi, akaniita ndani, akaukata mkate.

Mkate ulikuwa dirham 10.