Siku moja maishani mwangu: ukurasa huku, API kule

Saa 3 asubuhi. Ukurasa mpya wa wateja hauonyeshi data. Uko kwenye seva moja, API (mlango ambao programu huombea data) iko kwenye nyingine. Kivinjari hutazama itifaki, jina la seva na poti. Kimojawapo kikitofautiana, hizo ni asili (origin) mbili, na ukurasa husoma data ya asili nyingine pale tu seva yake inaporuhusu kwa heda za CORS, yaani maelezo yanayoambatana na jibu.

Saa 3 na nusu. Mwenzangu anatuma ombi lilelile kwa curl, programu ya kutuma maombi bila kivinjari, na jibu linakuja. Namweleza kwamba curl haina mtu wa kumlinda. Kivinjari kinatunza kuki (alama za kumtambulisha) za mtu aliyeingia kwenye akaunti zake, kwa hiyo hakiruhusu ukurasa mgeni usome majibu ya seva nyingine hivihivi. Kinga hii ipo tangu kivinjari cha Netscape cha miaka ya 1990, na naithamini sana.

Saa 4. Nafungua kichupo cha mtandao katika zana za kivinjari. GET yetu, ombi la kusoma data, haijatumwa kabisa! Kilichotangulia ni OPTIONS, ombi la kupiga hodi, kwa kuwa tunaambatanisha heda ya Authorization, inayobeba tokeni (msimbo wa kujitambulisha). Seva imejibu 401, yaani hujajitambulisha. Kumbe API inadai tokeni kwa kila anayekuja, na OPTIONS kamwe haibebi tokeni wala kuki. Tunaihamisha CORS itangulie ukaguzi wa tokeni, na jibu linakuwa 204, yaani sawa.

Mara kosa jingine: Access-Control-Allow-Origin, heda inayotaja asili iliyoruhusiwa, ina thamani mbili. Proksi, seva iliyo mbele ya programu yetu, imeweka yake, na programu imeweka yake. Tunafuta ya proksi.

Saa 8 mchana. Kuna anayetaka tuweke nyota (*), yaani asili yoyote, yaishe. Nakataa. Ombi likiwa na kuki, kivinjari hakiikubali nyota. Kurudisha Origin (asili inayotajwa na ombi) yoyote inayoletwa ni hatari zaidi, kwani tovuti yoyote itaweza kusoma data za aliyeingia. Tunaandika orodha ya asili tunazozijua, pamoja na heda ya Vary: Origin, ili kashe (hifadhi ya muda ya majibu) isimpe huyu jibu la yule.

Saa 10 jioni. Kila kitu kinapita isipokuwa ripoti ya mwaka, nayo inalaumu CORS vilevile. Kumbukumbu za seva zinasema 504, yaani muda wa kusubiri umeisha. Hoja (swali) ya hifadhidata inazidi sekunde 60, muda ambao nginx, ile proksi, husubiri kwa kawaida, kisha nginx inatoa ukurasa wake wa kosa usio na heda zetu. Kivinjari kinaona heda tu haipo.

Nabadilisha kichwa cha tiketi kiseme hifadhidata, naambatanisha hoja yenyewe.