Kafe resa ya Walukuba: Honda CG125 na spea za boda

Pikipiki yangu ilianza kazi kwa kubeba miche ya kahawa. Ni Honda CG125 ya zamani, ile ya platini (vidude vya kukata na kuunganisha umeme wa plagi) na umeme wa volti 6, na aliyeiendesha miaka yote alikuwa bwana shamba huko Kamuli, Uganda. Alipostaafu ikaegeshwa nyuma ya jiko, ikaota kutu hapo. Wanawe walitaka kuwapa wale wanaonunua vyuma chakavu kwa kilo. Mzee akakataa. Jirani yangu ambaye kwao ni huko aliponisimulia, nilipanda teksi siku ya mapumziko yangu nikaenda kuiona.

Tuliandikiana mkataba mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, shilingi laki nne taslimu. Kabla ya kutoa hata senti nilipiga magoti, nikasugua shingo ya fremu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka namba ya chasi ikasomeka, nikailinganisha na kitabu cha pikipiki, kile cha usajili. Zililingana. Injini iliyokwama hufunguliwa, tanki lililotoboka huzibwa, lakini pikipiki isiyo na kitabu utaitengeneza kwa mapenzi yote halafu siku ya kwanza barabarani uiache kituo cha polisi. Kama unatafuta ya kwako, anzia hapo.

Kwa ambaye hajaiona kafe resa: ni pikipiki iliyovuliwa kila kisicho cha lazima. Usukani uko chini, miguu imerudi nyuma, kiti ni cha mtu mmoja na kina nundu mwishoni. Mtindo huu ulikolea Uingereza miaka ya 1950 na 1960, vijana walipokuwa wakikutana kwenye mikahawa ya barabarani kama Ace Cafe, pale North Circular Road, London, na kila mmoja akitaka pikipiki yake ifike maili 100 kwa saa, kama kilomita 160 hivi. Wengi wao walikuwa vijana wa mishahara ya kawaida. Pikipiki waliyoiota, Triton, hukuikuta dukani: ulitafuta injini ya Triumph, ukatafuta fremu ya Norton ile ya Featherbed, ukaziunganisha mwenyewe. Injini nzuri ya huku, fremu nzuri ya kule.

Ndiyo maana huumia ninapomsikia kijana wa Jinja akisema ameacha wazo la kafe resa kwa sababu usukani wa kuagiza ni ghali, na taa ya kuagiza ni ghali, na kiti vilevile. Kuchukua kilicho kizima cha mashine hii na cha mashine ile, kisha kukiunganisha kwa moto na nyundo, ni kazi ambayo mafundi wa Katwe, Kampala, wanaifanya kila siku ya Mungu. Huo ujuzi uko hapa. Mimi mwenyewe ni fundi wa mitambo kiwandani, nimezaliwa Walukuba, hapa Jinja, na tangu utotoni sijawahi kukosa mtu wa kunichomelea kitu umbali wa kutembea kwa miguu.

Niseme kwa nini CG125. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hufanya kazi kila siku na kuhudumiwa kwa nadra. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, haikai juu kichwani, imekaa chini ubavuni mwa injini, inazungushwa na gia, na nundu moja tu ndiyo inayosukuma valvu zote mbili kupitia fito ndefu. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Baadaye viwanda vya China viliinakili injini hii kwa wingi, na faida yake unaiona ukiingia duka lolote la spea: pistoni ya milimita 56.5, ringi, valvu, gasketi, sahani za klachi, vyote vya pikipiki za Kichina, na vingi vinaingia kwenye Honda ya bwana shamba bila kubishana. Nenda na kipimo chako na kile cha zamani mkononi, upime hapohapo kaunta. Muuza spea mzuri hatakasirika.

Injini hii haina filta ya oili ya kubadilisha. Ina wavu mdogo chini, na upande wa kulia kuna kikombe kinachozunguka pamoja na kranki, kinarusha uchafu pembeni na kuushika. Wengi hubadilisha oili miaka nenda miaka rudi bila kukifungua kile kikombe. Nilipokifungua changu kilikuwa kimejaa tope jeusi, gumu kama lami, nikalichokonoa kwa kijiti cha mwanzi ili nisikwaruze chuma. Kranki ilikuwa nzima, na kondrodi, mkono unaoiunganisha na pistoni, haichezi. Silinda ndiyo iliyolika. Niliipeleka kwa mzee mmoja wa mashine za kukereza hapa mjini, akaipima sehemu ya juu, ya kati na ya chini, akavua miwani.

"Dada, hii imekula vumbi," akasema. "Tuipanue hatua mbili, tuweke pistoni ya hamsini."

Yaani pistoni iliyozidi nusu milimita. Kupanua, pistoni, ringi, gasketi na sili za valvu, jumla laki mbili na thelathini. Hiyo ndiyo pesa kubwa kuliko zote nilizotumia baada ya kununua pikipiki yenyewe, na ningeitoa tena leo.

Maneno ya yule mzee ndiyo yaliyoamua sura ya pikipiki yangu. Kwenye picha za kafe resa za Ulaya utaona pembetatu iliyo wazi chini ya kiti, boksi la filta ya hewa limeng'olewa, kabureta imevikwa kijifilta kidogo cha nje. Inapendeza, sikatai. Lakini sisi tuna murram, barabara za udongo mwekundu. Kiangazi, ukiwa nyuma ya matela ya miwa yanayokwenda Kakira, hewa yenyewe ni nyekundu. Vumbi lile ndilo lililokula silinda ya kwanza hata ikiwa na boksi lake la kiwandani, sasa ukilitoa boksi unategemea nini? Tena hewa ikiongezeka mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, injini inachemka, unaanza kuhangaika na jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli. Mimi boksi nimeliacha. Nimelipaka rangi nyeusi, nikanunua sponji mpya, naiosha kwa mafuta ya taa, naikamua na kuitia oili kidogo. Asiyeipenda sura yake na asiipende.

Fremu ndiyo mahali ambapo watu huharibu pikipiki na hata kujiumiza. Mkia wa fremu unapokatwa, mara nyingi kinachokwenda nao ni ule upau unaozishika mbavu mbili za nyuma pamoja, na kinachobaki ni vyuma viwili vinavyocheza kila ukipita tuta. Kwa hiyo tulipima kwanza. Niliketi juu ya fremu tupu, mpwa wangu akaweka alama ya chaki pale makalio yanapoishia, tukaacha sentimita kadhaa za nundu. Hajji mmoja wa kuchomelea, Mnubi aliyekulia Bombo, ndiye aliyekunja bomba la duara kwa kulijaza mchanga na kulipasha moto ili lisibonyee kwenye kona. Kabla ya kuchomelea aliingiza kipande cha bomba jembamba ndani ya kila ungio, nusu huku nusu kule, ili nguvu isikae kwenye ule mstari wa kuchomelea peke yake. Nilikuwa sijamwomba.

"Mwanangu, utaikalia wewe hii," akaniambia. "Mimi nitaulizwa nini na Mungu?"

Alichukua elfu sabini, na humo mlikuwa na vibati viwili vya unene wa milimita 6 vya kushikia futresti mpya. Futresti zenyewe, pa kuwekea miguu, ni za abiria wa Boxer, pikipiki ya boda, iliyogongwa. Ukirudisha miguu nyuma, kanyagio la breki na la gea lazima virudi navyo, kwa hiyo kila upande kuna kijiti chenye viungo viwili vya gololi. Kaza nati zake kwa nati ya pili ya kufungia, kwa sababu CG hutetema na kijiti kikiachia upande wa breki hutapata nafasi ya kuinama kukirudisha.

Usukani haukunigharimu kitu. Ule wa zamani, ulioinuka kama wa pikipiki zote za kazi, niliugeuza juu chini. Ndiyo njia ya tangu zamani ya mtu asiye na pesa ya hendeli za kufunga kwenye foku. Ukishaugeuza, uzungushe kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, uangalie kama vidole vinabanwa na tanki na kama waya za klachi na akseli zinavutika. Halafu zifupishe. Waya uliobaki mrefu hujikunja, na waya uliojikunja ni mzito na hukatika mapema.

Sasa breki, na hapa naomba unisikilize. Mbele kuna dramu ndogo. Haitakuwa diski hata uiombee, lakini inaweza kuwa dramu nzuri sana. Dramu ilikuwa na ukingo ndani, nikairudisha kwa yule mzee wa kukereza akaisawazisha. Viatu vipya vya breki nilivipitishia tupa kwenye ncha ya mbele ili visidake ghafla. Nikabadilisha waya. Kisha nikarekebisha mkono ule unaovutwa na waya mpaka, breki inaposhika, mkono na waya vinafanya pembe ya mraba, maana hapo ndipo nguvu ya vidole inapofika yote. Wengi hukaza tu nati ya waya mwaka hadi mwaka, mkono unalala, breki inakuwa ngumu mkononi na laini kwenye gurudumu, halafu wanailaumu Honda. Biringi za magurudumu mawili, viatu vya mbele na nyuma, na waya: elfu tisini. Tairi na tyubu mpya zilikuwa elfu mia moja na sitini. Kama pesa yako ni kidogo, ipunguze kwenye rangi, kwenye taa, kwenye kiti. Usiiguse hii.

Umeme sitauzungumzia sana. Volti 6 zilitoa mwanga wa mshumaa, kwa hiyo fundi wa kusuka koili alisuka upya ile ya taa, tukaweka regyuleta na betri ya volti 12. Platini niliiacha. Ukiiweka wazi kati ya milimita 0.3 na 0.4 na kuisafisha, inawasha asubuhi ya mvua kwa teke moja, na ikikufia njiani unaitengeneza kwa bisibisi. Rangi ni ya kijani kibichi ya gari, nusu kopo lililobaki kwa mpiga rangi. Kiti kilitengenezwa na vijana wanaoshona viti vya boda karibu na Amber Court: bati la pipa la mafuta limegongwa mpaka likakubali umbo, sponji ngumu, reksini nyeusi yenye mishono ya kukingama. Elfu themanini na tano, na nundu wameitengeneza vizuri kuliko nilivyochora.

Jumla, pamoja na bei ya pikipiki, ni kama milioni moja na laki mbili.

Sikuiteremsha chini. Shokabu ni za urefu uleule wa kiwandani na ekzosi nimeipitisha juu ya ungio la fremu, kwa sababu matuta ya barabara ya Jinja hayajali umeona picha gani. Ndani ya ekzosi kizuia sauti kipo. Kwenye mtaa wetu watu wa zamu ya usiku hulala mchana, na mimi ni mmoja wao.

Jumapili alfajiri, lami ikiwa tupu, naitoa Walukuba, Bugembe, Kakira, mpaka Iganga. Ilikuwa na nguvu kama za farasi 11 tu ilipokuwa mpya, lakini mtu akilala juu ya tanki na kukaza magoti inashika kilomita 90 kwa saa na kukaa hapo, na mlio wake ukifika hapo unanyooka, hautetemi tena. Kona unaziingia ukiwa sehemu ya fremu. Pikipiki ya kilo kama mia moja hivi inakusikiliza kwa namna ambayo kubwa hazifanyi, na mimi huifurahia kasi ile kuliko abiria wa gari linalonipita kwa 140.

Niliipeleka Kamuli pia. Mzee aliizunguka kimya, akagusa tanki, akauliza kwanza keria iko wapi. Nikamwambia nimeitunza nyumbani. Akachuchumaa kusikiliza injini ikiwa inanguruma taratibu, akaniambia valvu moja imelegea kidogo. Jioni nikafungua, nikapima: zinatakiwa milimita 0.08 injini ikiwa baridi, na ya ekzosi ilikuwa imezidi. Nimeirekebisha.

Kinachobaki ni habu ya mbele. Natafuta dramu yenye viatu vinavyosukumwa pande zote mbili, zile ambazo Wajapani walizifunga kwenye pikipiki za mbio za miaka ya 1960 na 1970, au hata habu ya mbele ya pikipiki kubwa zaidi ya kazi, mradi iwe na matundu 36 ya spoku ili niifunge kwenye rimu niliyo nayo. Kipenyo cha ekseli si hoja, bushi tutakereza. Mwenye nayo Jinja, Tororo au Busia aniambie na bei, nitaifuata mwenyewe.