Siku moja maishani mwangu: mgawa dawa wa Mikindani

Riziki yangu ni ushonaji wa nguo hapa Mikindani, mkoani Mtwara, lakini kampeni ya kingatiba za matende na mabusha inapofika mtaani kwetu cherehani hufunikwa nami huwa mgawa dawa. Nilipendekezwa kwenye mkutano wa mtaa na kufundishwa na wauguzi wa kituo cha afya, na ninalipwa posho ambayo majirani huidhania kubwa kuliko ilivyo. Naieleza siku hii saa kwa saa kwa sababu habari za misaada ya afya husimuliwa zaidi zile za makontena kushushwa bandarini na wageni kupeana mikono, ilhali kazi yenyewe huanza kidonge kinapokuwa kiganjani mwa mtu ambaye hana hakika kama atakimeza.

Saa 12:00 asubuhi. Naanzia ufukweni, mahali ambapo wavuvi waliokesha baharini wanapakua samaki. Mwanamume akishafika nyumbani na kulala hakuna atakayethubutu kumwamsha kwa ajili ya vidonge, na akiamka atakwenda kusuka nyavu au kucheza bao kwa watu nisiowafahamu. Pia dawa hizi humezwa na mtu aliyekwisha kula, na mama lishe anayeuza uji na mihogo hapa ufukweni ananisaidia kuliko gari lolote la matangazo: mteja akimaliza kikombe chake humwelekeza kwangu kabla hajapokea pesa.

Kifaa changu kikuu ni kijiti chenye alama. Mectizan, yaani ivermectin, hutolewa kwa kimo: kuanzia sentimita 90 kidonge kimoja, kuanzia 120 viwili, kuanzia 141 vitatu, na kuanzia 159 vinne, kisha kila mmoja huongezewa kidonge kimoja cha albendazole. Waliobuni kijiti hiki walifanya jambo la busara, kwa kuwa mizani ni mzigo na huharibika, lakini kijiti kinabebwa begani na hata mtu asiye tabibu anaweza kukisoma. Kumpima mtu wima, mabega yakiwa yamenyooka, halikuwa somo geni kwangu.

Kijana mmoja anapokea vidonge vyake vitano, anavikunja kwenye karatasi na kusema, “Dada, nitameza nikishaoga.” Namwomba avirudishe au avimeze papo hapo. Wenzake wanacheka, naye ananuna kidogo, kisha anaomba maji. Kila mwaka watu huniona mkali kwa jambo hili, na sitaacha. Dawa iliyochukuliwa haijamezwa. Nimewahi kuona vidonge vya mwaka uliopita juu ya kabati la vyombo, vimekaa vizuri karibu na sukari, na kwenye rejesta ya mwaka huo mwenye nyumba alihesabiwa kuwa amepata kinga.

Saa 3:00. Kituo cha afya. Napokea makopo mengine na kusaini. Muuguzi anayetusimamia ananikumbusha wasiopewa: watoto walio chini ya miaka mitano, wasiofika sentimita 90, wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja, na mgonjwa mahututi.

Makopo haya yana historia ambayo ningependa kila anayeyapokea aijue. Ivermectin ilitokana na bakteria aliyepatikana kwenye udongo wa Japani, na wanasayansi wawili waliohusika na ugunduzi huo, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Mwaka 1987 kampuni ya Merck iliahidi kuitoa bure kwa ajili ya ugonjwa wa usubi, ule unaopofusha macho, kwa kiasi kitakachohitajika na kwa muda wote utakaohitajika. Mwaka 1998 ahadi hiyo ikapanuliwa hadi kwenye matende na mabusha katika nchi za Afrika zenye ugonjwa huo pamoja na usubi, na mwaka huohuo kampuni ya GSK ikaahidi albendazole. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa wa matende na mabusha mwaka 2000, na kwa upande wa Tanzania Bara ugawaji ulianza mwaka huo kisiwani Mafia.

Hata hivyo, dawa ya bure ina gharama zake. Lazima isafirishwe, rejesta zichapwe, wagawaji wafundishwe na wasimamizi wawekewe mafuta. Sehemu ya gharama hizo nchini ilibebwa kwa miaka mingi na programu ya Marekani ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, iliyoanza mwaka 2006. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na watu wengi walidhani kilichokatika ni dawa. Kampuni hazikufuta ahadi zao. Kilichoyumba ni mkono wa kuifikisha dawa, ambao haukuwahi kupigwa picha. Sidhani ni haki kuwalaumu waliotusaidia kwa muda mrefu, ila naona halmashauri zetu zingeweza kulipia vijiti hivi na posho hizi bila kumngoja mtu wa ng’ambo.

Saa 4:00 mpaka saa 7:00. Nyumba kwa nyumba. Hodi, shikamoo, karibu, kisha mazungumzo ambayo hayawezi kuharakishwa. Katika nyumba ya kwanza naambiwa kwamba mabusha huletwa na madafu, kwa hiyo mzee wa nyumba hii, ambaye hajawahi kuyanywa, hana haja ya dawa. Imani hiyo ni ya zamani pwani nzima, na anayeibeza hafiki mbali. Namwambia kwamba madafu na mbu hukaa mahali pamoja, penye minazi na joto na maji yaliyotuama, kwa hiyo wahenga waliiona sehemu wakakosea mlangoni: anayeingiza vimelea, yaani minyoo midogo, mwilini ni mbu, akiwa amevitoa kwa mtu mwingine ambaye pengine haonekani kuumwa. Mzee anafikiri, anauliza kama basi anaweza kuyanywa madafu sasa, na anameza vinne na kimoja.

Nyumba ya tatu ni ngumu zaidi. Mama wa nyumba ni mjamzito na mumewe ananiuliza mlangoni, “Kama dawa hii haina neno, mbona mke wangu hapewi?” Hilo ndilo swali zito kuliko uvumi wote, kwa sababu limejengwa juu ya utaratibu wetu wenyewe: tunapomruka mjamzito, mtu aliyesikia uvumi kwamba dawa inaharibu kizazi huona tumekiri. Namjibu kwamba dawa nyingi huzuiwa wakati wa mimba kwa tahadhari ya mtoto, hata zile anazomeza yeye akiumwa kichwa zina masharti, na kwamba mkewe atameza kampeni ijayo atakapokuwa amejifungua. Anataka nimeze mimi kwanza. Siwezi kumeza kila nyumba, nami zangu nilikwisha kuzimeza mbele ya mkutano wa mtaa, mwenyekiti akishuhudia. Anampigia mwenyekiti simu mbele yangu. Baada ya simu anameza, lakini watoto wake wawili anawazuia mpaka aone yeye ataamkaje. Naandika watoto wawili hawakumeza, na nyumba naiwekea alama ya kurudiwa.

Kuamka kwenyewe kunahitaji kuelezwa mapema. Aliye na vimelea wengi huweza kupata homa, kichwa, kizunguzungu au kuwashwa siku inayofuata, kwa sababu wanakufa mwilini mwake. Asipoambiwa, atasema amelishwa sumu, na mtaa mzima utamsikia yeye.

Saa 8:00. Swala, wali na samaki, miguu juu ya mkeka.

Saa 9:30 alasiri. Muda huu si wa kampeni na hakuna anayeulipia. Napita kwa bibi mmoja mwenye tende la mguu wa kushoto, aliyemeza dawa kila mwaka na ambaye zamani aliniuliza kwa uchungu kwa nini mguu haupungui. Ukweli ni kwamba vidonge vinazuia vimelea wachanga wasisambae, lakini haviurudishi mguu uliokwisha kuvimba. Kinachomsaidia ni sabuni na maji safi kila siku, kukausha vizuri katikati ya vidole, kupaka dawa penye michubuko, kuuinua mguu akikaa, na kuvaa kiatu kisichombana. Tangu alipoanza kuoshwa hivyo, vipindi vya homa na mitoki vilivyokuwa vikimlaza vimekuwa nadra.

Tatizo lilikuwa maji, kwani ananunua kwa ndoo. Wanawake wa nyumba tatu za jirani walikubaliana, bila semina wala barua, kumletea kwa zamu. Leo zamu ni ya binti wa shule, naye anaosha huku akimsimulia bibi mambo ya darasani. Namchunguza bibi vidoleni, naona mpasuko mmoja, namwelekeza binti namna ya kupaka dawa.

Mabusha ni habari nyingine, na mwanamke hawezi kumuuliza mwanamume mtu mzima jambo hilo uso kwa uso. Kazi hiyo inafanywa na mzee mmoja fundi wa mashua aliyefanyiwa upasuaji, ambaye sasa huwafuata wenzake aliowaona wamebadilisha uvaaji na mwendo. Huwaeleza jinsi alivyoingia, jinsi alivyotoka, na kwamba amerudi kazini. Hakuna bango linaloweza kusema hayo.

Saa 2:00 usiku. Kibanda umiza. Vijana niliowakosa mchana wote wako hapa wakitazama mpira. Mwenye kibanda, kwa nia njema, anapendekeza asiyemeza asiingie. Nakataa, aliyelazimishwa mwaka huu atajificha mwaka ujao. Tunakubaliana kuwa wakati wa mapumziko atapunguza sauti na nitapewa dakika zangu. Mbu wamejaa, nami nautumia mfano huo huo uliopo miguuni mwetu: vimelea hawa huzunguka kwenye damu usiku, ndiyo maana wapimaji walizoea kuchukua damu saa za usiku. Wanajipanga kwenye kijiti, wakitaniana nani mfupi. Wawili wanaondoka kimyakimya kabla sijawafikia.

Saa 4:00 usiku. Rejesta. Msimamizi anapiga simu kuomba jumla, na kwa sauti yake naelewa angependa namba nzuri zaidi. Lengo ni angalau asilimia 65 ya watu wote, pamoja na wale wasioruhusiwa kumeza, kwa miaka isiyopungua mitano, kwa sababu mnyoo mzima huishi miaka sita hadi minane na huendelea kuzaa. Baadaye watoto wa miaka 6 na 7 watapimwa kidoleni, na damu yao itasema kama tuliandika waliomeza au waliopokea.

Nahesabu vidonge vilivyobaki, navilinganisha na vimo nilivyoandika, vinakubaliana. Namtumia msimamizi jumla ilivyo, pamoja na orodha ya nyumba za kurudia: ile ya watoto wawili asubuhi baada ya chai, na vijana wa kibandani nitawafuata ufukweni saa 12, maana mmoja wao namjua mashua yake.