Kioo na saa ya kengele: kijana aliyeumia uti wa mgongo anaporudi nyumbani

Makosa mengi ya wiki za mwanzo nyumbani yana chanzo kimoja: watu wanasubiri kijana aseme kinachomuuma. Hatasema, kwa sababu hasikii. Mtu mwingine akikaa vibaya, makalio yanaanza kuwaka moto baada ya dakika chache, naye anajisogeza bila hata kujua kwamba amejisogeza. Kibofu kikijaa anaamka usingizini. Kwa aliyeumia uti wa mgongo taarifa hizo zinaishia njiani. Basi inabidi zitoke kwingine: kwenye saa, kwenye kioo, kwenye viganja vya watu wa nyumbani. Na mwenye kuamrisha hayo yote awe kijana mwenyewe, hata kama hawezi kuinua kidole. Anayejua kueleza hatua kwa hatua jinsi ya kugeuzwa hatategemea mtu mmoja tu maisha yake yote.

Kabla ya lolote, jueni ni pingili ipi iliyoumia na kama jeraha ni kamili (hakuna hisia wala nguvu zozote zilizobaki mpaka njia ya haja kubwa) au si kamili. Wawili wenye miguu iliyopooza vilevile wanaweza kuhitaji matunzo tofauti kabisa. Aliyeumia shingoni ana shida ya mikono, kukohoa na joto la mwili, maana hatoi jasho vizuri chini ya jeraha na anaweza kupandisha joto kwa kukaa juani tu. Aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu yumo kwenye hatari ya presha ambayo nitaieleza huko mbele. Aliyeumia chini kabisa, kiunoni, mara nyingi ana kibofu na utumbo vilivyolegea, wakati wa juu vyake vinajikaza vyenyewe. Muulizeni daktari, mwandike.

Sasa ngozi. Kidonda cha kulalia mara nyingi huanzia ndani, karibu na mfupa. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu na kufa, na doa unaloliona juu ni kidokezo tu. Ndiyo maana kitu kilichoonekana kama mchubuko Jumatatu kinaweza kufunguka kuwa shimo wiki hiyohiyo, na kikakaa miezi bila kupona.

Kitandani, mwanzoni ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Ngozi ikivumilia siku kadhaa bila alama, ongezeni nusu saa, mkague, kisha mwongeze tena. Wapo wanaofika saa 4 au zaidi, lakini hakuna anayefika huko kwa kuruka hatua. Msimlaze ubavu moja kwa moja, kwa kuwa mfupa wa nyonga utabeba uzito wote. Mwegemezeni kiasi cha nyuzi 30 tu, mto nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti. Mto mwingine ukae chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie hewani. Kichwa cha kitanda nacho kisibaki juu ya nyuzi 30 kwa muda mrefu, kwa sababu mwili unateleza taratibu kwenda chini: mfupa unakwenda, ngozi inabaki imenatana na shuka, na mishipa midogo ya damu inavutwa mpaka inafunga au kukatika. Kwa sababu hiyohiyo haburutwi. Wekeni shuka la kugeuzia chini yake, watu wawili waliinue.

Kwenye kiti cha magurudumu, kila dakika 15 hadi 30 ainame mbele kifua kikaribie mapaja, au aegemee upande mmoja kisha wa pili, akae hivyo kama dakika 2. Wengi hufundishana kujiinua kwa mikono kwa sekunde kumi. Sekunde kumi hazitoshi damu kurudi, na mabega yanachakaa, nayo mabega ndiyo miguu yake sasa. Asiyeweza kuinama mwenyewe ainamishwe, mtu akiwa mbele yake amemshika.

Mto wa kiti usiwe ule wa duara wenye tundu katikati. Unaonekana wa maana, kumbe ukingo wake unabana damu pande zote za tundu. Ukiwa ni mto wa hewa, ingizeni mkono kati ya mto na kalio, mtafute mfupa, mkague kama kati yake na kitako cha mto kunabaki sentimita 1.5 hadi 2.5. Hewa ikizidi, mto unakuwa mgumu kama ubao. Ikipungua, mfupa unakaa juu ya kiti chenyewe. Kagueni kila siku, kwani mito hii huvuja polepole bila mtu kutambua.

Ukaguzi wa ngozi ni asubuhi kabla ya kuvaa na usiku baada ya kuvua: kisogo, mabapa ya mabega, viwiko, juu ya mfupa wa mkia, mifupa miwili ya makalio, nyonga, vifundo na visigino. Kioo chenye mpini mrefu kinamwezesha ajitazame mwenyewe. Vitabu vingi vinasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani. Tafuteni sehemu iliyozidi kuwa nyeusi au yenye rangi ya zambarau, kisha mpapase kwa mgongo wa kiganja: ni ya moto, ni baridi, ni ngumu, au inabonyea kama sponji kuliko upande wa pili? Kwenye ngozi nyeupe bonyezeni doa jekundu kwa kidole. Lisipogeuka kuwa jeupe, tayari kuna madhara. Alama yoyote isiyopotea ndani ya dakika 30 baada ya kuondoa uzito inamaanisha sehemu hiyo haikaliwi wala hailaliwi tena mpaka iwe kama zamani. Msiisugue wala kuikanda. Ushauri huu hauna rafiki, kwa sababu unamrudisha kitandani mtu aliyekuwa ameshavaa viatu aende zake.

Halafu kuna vitu vidogo: funguo mfukoni, mshono mnene wa suruali ya jinsi, mkunjo wa shuka, kifuniko cha kalamu kilichoangukia kitini. Na moto: kikombe cha chai kikiwa mapajani, kompyuta ya mkononi, chupa ya maji ya moto miguuni. Ataungua na asijue.

Kibofu kinakwenda kwa saa. Njia inayopendelewa pale inapowezekana ni kuingiza mpira wa mkojo (katheta), kutoa mkojo, na kuuondoa mpira, kila baada ya saa 4 hadi 6. Lengo ni mkojo usizidi mililita 500 kwa mara moja. Pimeni na mwandike kwenye daftari. Ukizidi, punguzeni nafasi kati ya mara na mara. Msipunguze maji ya kunywa. Kumnyima maji ili asijiloweshe ni kosa linalofanywa kwa nia njema na kulipwa kwa mawe na maambukizi. Anachoweza ni kupunguza vinywaji saa mbili tatu kabla ya kulala.

Kwa kijana wa kiume, mpira wa namba 12 au 14 ndio wa kawaida. Mikono ioshwe kwa sabuni, uume usafishwe, govi lirudishwe nyuma kama lipo. Uume ushikwe ukielekea juu, njia ya mkojo inyooke, mpira uliopakwa jeli uingizwe taratibu. Baada ya sentimita 15 hivi kutakuwa na ukinzani: ni msuli unaofunga kibofu. Hapo ndipo watu wanaposukuma kwa nguvu na kuchana njia. Subirini, avute pumzi ndefu, mkandamize kidogo tu kwa utulivu, msuli utalegea. Mkojo ukianza kutoka, sogezeni sentimita 2 au 3 zaidi. Ukiisha, vuteni mpira polepole, mkisimama kila mkojo unapotiririka tena, maana chini ya kibofu hubaki kiasi. Govi lirudishwe mbele. Likisahaulika nyuma linavimba na kunyonga kichwa cha uume, na yeye hasikii.

Anayebaki na mpira muda wote, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, umwagwe kabla haujajaa, na mpira ufungwe kwenye paja au tumbo usivute. Mkojo wenye harufu au ukungu peke yake si ugonjwa. Vijidudu huishi humo kwa kawaida. Dawa za kuua vijidudu zitafutwe kwa daktari pale panapokuwa na homa, kutetemeka, mikazo ya miguu iliyozidi ghafla, au mkojo unaovuja kinyume na kawaida. Kila harufu ikipewa dawa, siku ya ugonjwa wa kweli dawa hazitafanya kazi.

Choo kinataka ratiba kuliko dawa. Wakati uleule, kila siku au siku moja baada ya nyingine, dakika 20 hadi 30 baada ya chakula au kinywaji cha moto, kwa sababu tumbo likipokea kitu utumbo mpana unaamka. Kwa wenye utumbo unaojikaza, kidonge cha kuweka njia ya haja kubwa kiguse ukuta wa utumbo. Kikichomekwa katikati ya kinyesi hakifanyi kitu. Subirini dakika 15 hadi 20. Kisha kidole chenye glavu na jeli nyingi kizungushwe taratibu kwa sekunde 15 hadi 20, mpumzike dakika 5 hadi 10, mrudie mpaka pasiwe na kitu. Kazi yote isizidi saa moja. Ikizidi mara kwa mara, ratiba ibadilishwe. Kwa wa kiunoni kuchezesha kidole hakusaidii, kwa hiyo kinyesi hutolewa kwa mkono, mara nyingi kila siku. Na jihadharini na mharo wa ghafla baada ya siku kadhaa za kukosa choo. Huenda ni maji yanayopita pembeni ya kinyesi kigumu kilichoziba, na dawa ya kuzuia kuharisha itazidisha mzibo.

Nirudi kwenye presha. Kwa aliyeumia pingili ya sita ya kifua au juu yake, jambo dogo chini ya jeraha, kama kibofu kilichojaa, linaweza kupandisha presha ghafla hadi kuhatarisha ubongo. Madaktari huiita disirefleksia. Dalili: kichwa kinagonga, uso na shingo vinaiva na kutoka jasho, malaika yanasimama, pua inaziba, mapigo ya moyo yanapungua. Msidanganywe na kipimo: mtu huyu presha yake ya kila siku, ile namba ya juu, huwa 90 hadi 110, kwa hiyo 135 ambayo kwa jirani si kitu, kwake ni dharura.

Mkalisheni wima papo hapo, miguu ining'inie. Msimlaze, kulala kunaipandisha zaidi. Legezeni mkanda, viatu, soksi, kamba ya mfuko wa mkojo. Kisha kibofu: mpira umekunjika? Mfuko umejaa? Hana mpira, muwekeeni. Umeziba, ubadilisheni. Kibofu kikiwa sawa, chunguzeni haja kubwa, ila kwa jeli ya ganzi na kwa kusubiri dakika kadhaa ifanye kazi, kwa kuwa kidole chenyewe kinaweza kuipandisha presha. Kisha ngozi, ukucha ulioota ndani ya nyama, korodani zilizokaliwa. Pimeni presha kila dakika chache. Isiposhuka upesi, au chanzo kisipoonekana, ni hospitali, na mwende na karatasi inayoeleza hali hii, kwa sababu si kila mhudumu wa zamu ameshawahi kuiona. Kama ametumia dawa ya nguvu za kiume siku hiyo au ya jana yake, aseme bila aibu: baadhi ya dawa za kushusha presha haziendi pamoja nayo.

Viungo vinyooshwe kila siku taratibu, bega mpaka kifundo cha mguu. Lakini aliyeumia shingoni na anayeweza kuinua kiganja, msinyooshe vidole vyake kiganja kikiwa kimeinuliwa. Ukakavu kidogo wa vidole ndio utakaomsaidia kushika kikombe: akiinua kiganja, vidole vinajifunga vyenyewe. Familia zenye bidii ndizo zinazouharibu. Mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto, msiukande. Inaweza kuwa damu iliyoganda, au mfupa uliovunjika bila maumivu. Aende akapimwe siku hiyohiyo.

Kumhamisha kutoka kitandani, fungeni breki kwanza, mtumie ubao wa kutelezea, na asivutwe kwa makwapa. Akiona kizunguzungu mara anapokalishwa, kiti kilazwe nyuma na miguu iinuliwe mpaka rangi ya uso irudi.

Zamu za usiku zigawanywe tangu wiki ya kwanza. Anayegeuza saa nane usiku asiwe yuleyule anayepika alfajiri. Wawe watu watatu wanaojua kila kazi, si mama peke yake. Akiwa na vidole vinavyoshika, mpira wa mkojo ajiwekee mwenyewe mapema iwezekanavyo, hata akichukua nusu saa na kumwaga jeli kitandani. Asiyeweza aulizwe anataka nani amshike, na jibu lake lifuatwe hata likiwakera wakubwa. Watu wabishe hodi. Na maswali ya ndoa na watoto ampelekee daktari faragha: wengi wao huweza kupata watoto, wanaume mara nyingi kwa msaada wa kitabibu. Siku anapojiwekea mpira, mlango ufungwe, na aliye nje asiulize kama amemaliza.