Siku moja maishani mwangu: mfupa wa mguu unapogeuka taya

Saa 1 asubuhi. Nampitia mgonjwa wodini. Ana ameloblastoma, uvimbe unaotokana na chembe zinazotengeneza meno. Si saratani, lakini hula taya polepole, na ukikwanguliwa tu mara nyingi hurudi. Swali lake la mwisho ni la mguu: "Daktari, nitatembea?" Atatembea. Fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje tutakaoutumia kumjengea taya, hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili. Kazi kubwa ni ya muundi, mfupa mnene ulio kando yake. Namwekea alama ya kalamu: sentimita 6 hivi juu ya kifundo hatuzigusi.

Saa 3. Amelala, mpira wa kupumulia umepitia puani ili mdomo ubaki wazi. Timu moja iko kichwani, nyingine mguuni.

Saa 6 mchana. Uvimbe umetoka pamoja na sentimita moja hadi mbili za mfupa usio na ugonjwa. Ukiogopa kukata hapo, unaacha ugonjwa nyuma. Fibula imenyooka na taya limepinda, kwa hiyo tunaikata vipande kwa pembe tulizopima, bado imeshikana na ateri, mshipa unaoiletea damu, kisha tunaifunga kwa skrubu kwenye bamba la titani. Kabla ya kukaza, meno ya juu na ya chini yameumana na kufungwa waya. Bila hivyo hatauma sawasawa tena.

Saa 8. Hadubini: sasa tunaunga mishipa ya damu ya fibula na ile ya shingoni. Watu huusifu mfupa. Mimi naiogopa vena, mshipa unaoondoa damu. Ateri ina ukuta unaovumilia sindano. Vena ni laini, inajikunja, na nikishona kuta zake mbili pamoja, damu itaingia na kukosa pa kutokea. Uzi ni nailoni namba 9-0, mwembamba kuliko unywele. Tunafungua vibanio. Ukingo wa mfupa unatoa damu nyekundu, vena inajaa. Sasa ndiyo nanyoosha mgongo.

Saa 2 usiku, chumba cha uangalizi maalumu. Pamoja na mfupa tulihamisha kipande cha ngozi, sasa kimo ndani ya mdomo, na ndicho dirisha letu. Namwonyesha muuguzi wa zamu: kila saa atazame rangi, aguse joto, asikilize mlio wa dopla, kifaa kinachosikizisha damu ikipita.

"Kikipauka, ateri imeziba. Kikiwa zambarau na kuvimba, ni vena. Usisubiri nipite asubuhi, dada. Nipigie hata saa 9 usiku, tumrudishe chumba cha upasuaji."

"Sawa, daktari. Namba yako ninayo."